Kumfuata Mwenye Sauti Garissa

Kwa miaka mitatu nilifanya biashara na mtu nisiyemjua sura. Kwenye simu yangu nilimwandika "Garissa Skrini", kwa sababu siku ya kwanza kunipigia aliuliza bei ya skrini. Kila baada ya wiki mbili basi la kutoka Garissa lilinishushia katoni pale Mwembe Tayari, Mombasa, imefungwa kamba ya katani, na ndani mna simu kumi na mbili, ishirini, siku nyingine thelathini, zote maiti. Kila moja imevishwa mpira na kikaratasi chenye namba ya mwenyewe. Mimi nazifungua, nazifufua zinazofufuka, nazirudisha kwa basi lilelile, na kabla dereva hajafika Mtwapa pesa imeshaingia kwa M-Pesa. Hakuwahi kunidhulumu hata shilingi. Siku moja ilizidi mia mbili. Nilipompigia akasema, "Ile ya mwezi jana ulinipunguzia, fundi. Nimekumbuka."

Mimi ni mtoto wa Mombasa, fundi simu, na upande wa kaskazini nilikuwa sijapita Malindi. Garissa niliijua kwa redio, na redio ikitaja Garissa si kwa habari ya harusi. Nilipomwambia mama nataka kwenda kumwona mteja wangu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimesahau Aprili 2015. Sikusahau. Watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa kwa siku moja. Nikamwambia chuo kilifunguliwa tena tangu Januari 2016 na watoto wa watu wanasoma. Akasema, "Haya. Lakini nipigie simu kila ukifika mahali. Nimesema kila mahali, sikusema kila mji."

Amri hiyo ndiyo iliyonifanya niitazame minara kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mimi ninayekula kwa simu.

Ilikuwa Septemba 2022, wiki chache baada ya uchaguzi. Basi liliondoka alfajiri. Mombasa mnara hauonekani. Umekaa juu ya ghorofa kati ya matangi ya maji na nguo zilizoanikwa, na netiweki tunaivuta kama hewa. Hadi Malindi mambo ni yale yale, minazi na mnara, minazi na mnara. Baada ya Gongoni, penye vilima vyeupe vya chumvi, nchi ikaanza kulala chini na kukauka, na nikajikuta nahesabu. Mnara unauona ukiwa mbali kama mlingoti wa jahazi, unaukaribia, unakupita, halafu unatazama mbele kutafuta mwingine. Watu wengi wanauita busta. Mama nilimpigia Kilifi, nikampigia Malindi, nikampigia Garsen, akaniambia sasa namsumbua.

Pale Garsen mwanamke mmoja mtu mzima aliyekaa kando yangu, amejifunika jilbabu ya kijani hadi magotini, akanigusa kwa kidole. "Kaka, kama una mtu wa kumpigia, mpigie sasa. Mbele ni kiza."

Nikatazama nje. Saa sita mchana, jua linawaka mpaka lami inatoa mvuke. Nikamuuliza, "Kiza gani, mama?" Akainua simu yake, akanionyesha vile vijiti vya netiweki.

Nikageuka nyuma na kumbe basi zima linaongea. Kila mtu sikioni, kila mtu anaaga, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kisomali, wengine kwa Kiorma, kama abiria wa chombo wanaoaga gatini kabla tanga halijapandishwa. Kisha sauti zikapungua moja moja. Vijiti vyangu vilikuwa vinne, vikawa viwili, kikawa kimoja, pakaandikwa hakuna huduma. Sitaficha kwamba nilishtuka. Nilizima simu nikaiwasha, kama mteja mjinga anavyonifanyia dukani. Nikatoa laini, nikaisugua kwa shati, nikairudisha. Yule mama ananitazama tu. Huko nje, kando ya barabara, kulikuwa na mizoga ya ng'ombe, ngozi imeshikana na mbavu, na korongo wamesimama juu yake wakiwa wameshiba. Mvua ilikuwa imekosa misimu minne mfululizo. Nilitaka kupiga picha nimtumie mtu, nikakumbuka simtumii yeyote.

Tulikwenda hivyo kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama mchana mzima. Tulipokaribia Hola simu zikaamka zote kwa mkupuo, kama kuku waliofunguliwa banda. Milio, mitetemo, adhana, nyimbo za qaswida. Watu wakacheka. Mzee mmoja wa siti ya mbele akasoma ujumbe wake, akausoma tena, akasema kwa sauti ya kawaida, "Inna lillahi." Kaka yake alifariki asubuhi huko alikokuwa akienda. Alizikwa adhuhuri, sisi tukiwa kizani. Basi lote likapoa, na mpaka Bura hakuna aliyepiga simu kwa sauti ya juu.

Tuliteremshwa kwenye kizuizi tukaonyesha vitambulisho, tukapanda, tukafika Madogo, na baada ya Madogo ni daraja. Chini yake Tana inapita, nyekundu ya kahawia kama chai ya maziwa iliyokaa sana jikoni. Maji haya haya ndiyo yanayomwagika Kipini, kwetu pwani, lakini sikuwahi kufikiri yametokea wapi. Ng'ambo ya pili ni Garissa. Joto la Mombasa linakulowesha. La Garissa linakukausha kama papa aliyeanikwa.

Nilipiga simu kutoka stendi.

"Uko wapi, fundi?"

"Niko hapa mlangoni pa ofisi ya basi."

"Na mimi niko mlangoni!"

"Mimi nimevaa shati la buluu."

"Sioni buluu. Inua mkono!"

Nikainua, na mgongoni mwangu nikasikia sauti ile ile mara mbili, moja ya simu na moja ya mtu. Nikageuka. Miaka mitatu sauti hiyo ilinipa picha ya jitu la shingo nene. Mbele yangu alisimama mzee mwembamba, hanifiki begani, ndevu zimetiwa hina mpaka zimekuwa rangi ya chungwa, kikoi kiunoni, fimbo kwapani. Naye alikuwa ameduwaa. "Wewe ni mtoto!" akasema. "Sauti yako ni ya mtu wa wajukuu." Tukashikana mikono, hakuuachia wangu mpaka dukani.

Vijana pale dukani walimwita Adeer, yaani baba mdogo au baba mkubwa, na mimi nikamwita hivyo. Salamu zake ziliniendea muda mrefu: mama, kazi, barabara, mvua, bei ya mchele Mombasa. Nilidhani ananipeleleza. Baadaye akanieleza kwamba Msomali akikusalimu husema "iska warran", na maana yake ni toa habari zako. "Nyinyi mnauliza hujambo, mtu anajibu sijambo, mmemaliza. Sasa umejua nini?" Sikuwa na jibu.

Chakula cha jioni kilinipa kazi. Kwetu tambi ni za sukari, iliki na zabibu, chakula cha futari. Hapa zililetwa na mchuzi wa nyama ya mbuzi, na pembeni ndizi mbivu, na ndizi haikuwa ya baadaye. Unamega kipande, unakikunjia humo humo na tambi na nyama. Mkono wangu ulisita. Vijana wakanitazama kama watu wanaotazama mpira wa penalti. Nikala. Ilikuwa tamu, na nimeshajaribu nyumbani tangu siku ile, ingawa mama amekataa kukaa meza moja nami. Chai ilikuwa ya maziwa ya ngamia, yana harufu ya moshi kwa sababu chombo hufukizwa kabla ya kukamuliwa, kama bibi yangu alivyokuwa akiufukiza mtungi wa maji kwa ubani.

Duka la Adeer liko Suq Mugdi. Ni soko la vichochoro vilivyoezekwa juu, jua halipiti, na jina lenyewe ndilo hilo, soko la giza. Asubuhi yake aliniwekea kiti, akamimina juu ya meza simu zilizokuwa zikisubiri katoni, akasema, "Umekuja mwenyewe, basi nitapunguza nauli ya basi."

Hapo nilijifunza kitu cha kazi yangu. Mombasa simu inakufa kwa chumvi. Unafungua unakuta bodi imeota ukungu wa kijani kwenye miguu ya aisi, kutu ya bahari. Huku kijani sikukiona hata kwenye simu moja. Huku zinakufa kwa vumbi. Tundu la chaji limejaa udongo mwekundu, umeshindiliwa na waya kila siku mpaka umekuwa tofali dogo, na chaji haigusi chuma. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikibadilisha tundu zima na kumtoza mzee wa watu. Mbele yake nikachukua sindano, nikachokoa taratibu, tofali likatoka zima, nikapitisha mswaki mkuukuu wenye thina, nikachomeka chaji. Ikaingia. Adeer alitazama lile tofali kwenye kiganja changu, akanitazama mimi. "Shilingi ngapi hilo?" Nikasema bure. Akasema, "Na zile nyingine?" Niliona haya, wallahi. Tukapatana kwamba kazi ya sindano atafundishwa mpwa wake, mimi nibaki na skrini na bodi.

Simu zenyewe nyingi ni kabambe za vitufe na tochi, tunazoziita mulika mwizi, maana betri yake hukaa siku tano na mchungaji hawezi kushinda karibu na soketi. Zilitoka kila mahali: Balambala, Modogashe, kambi za wakimbizi za Dadaab. Moja ilikuwa imekanyagwa na ngamia. Ilikuwa inapokea simu ila haisemi.

Mchana kukiwa hakuna mteja nilimuuliza Adeer walikuwa wakifanyaje kabla ya haya yote. Kwetu mimi nakumbuka foleni ya kibanda cha simu, sarafu zimelowa jasho mkononi, na baadaye ile simu ya jamii ya kulipia kwa dakika. Yeye alicheka. Eneo lao lilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari tangu mwisho wa 1963 mpaka 1991, na katika nchi ya hali ya hatari serikali haina haraka ya kukuvutia waya. Kilichowaokoa miaka ya tisini, vita vilipoifumua Somalia na watu kumiminika Dadaab, kilikuwa taar. Hiyo ni redio ya upepo, chombo kama cha polisi au cha meli, mwenyewe amekaa na betri ya gari na waya mrefu umetundikwa nje. Unakwenda, unasema unamtaka fulani bin fulani wa ukoo fulani aliye Nairobi, Eastleigh. Mwenye redio anaita. Kule wanamtafuta mtu, anaambiwa aje saa fulani, na saa hiyo mnaongea, mkisema na "ova" mwishoni, huku kila mwenye redio kama hiyo kuanzia Mogadishu mpaka Garissa anakusikia shida zako za ndoa.

"Na pesa?"

"Na pesa ilipita humo humo." Hawala: mtu anampa wakala dola Eastleigh, wakala anaita kwa redio, wakala wa Dadaab anatoa pesa yake mfukoni anampa ndugu yako. Noti yenyewe haikusafiri. Kilichosafiri ni neno, na neno lilitosha kwa sababu wakala akila pesa ya mtu, ukoo mzima utajua kabla ya magharibi.

Nilikaa kimya. Mimi na wenzangu wa pwani tuliona ajabu sana M-Pesa ilipoanza Machi 2007. Nakumbuka nilimtumia dada yangu shilingi mia ili tuone kama kweli itafika, tukasimama tumeshikilia simu kama watu wanaongoja mwezi uandame. Adeer anasema siku wakala wa kwanza alipofungua kibanda hapa watu walimuuliza jambo moja tu: anakata ngapi.

Hapo ndipo kichwa changu kilipogeuka. Nilikuja nikidhani simu imewafikia watu waliokuwa hawana mawasiliano. Kumbe walikuwa na adabu yote ya mawasiliano, deni la kutoa habari na amana ya mtu asiye mbele yako, ila chombo ndicho kilikuwa kizito cha kubebwa na betri ya gari. Safaricom na Kencell walipoanza biashara mwaka 2000, sisi wa mijini simu ya mkononi tuliipokea kwanza kama pambo la kiunoni. Hawa waliifungia kwenye kazi mara moja. Leo laini za simu Kenya zimepita milioni 60, wakati sensa ya 2019 ilituhesabu milioni 47 na nusu. Adeer peke yake ana tatu. Ya tatu ni ya Hormuud ya Somalia, huichomeka akienda Mandera, kwa sababu kule mpakani minara ya upande wa pili hushika vizuri na watu hulipana dola kwa simu, hata chai ya asubuhi.

Jumatano akanipeleka soko la mifugo, ambalo huku watu hulitaja kama sisi tunavyoitaja bandari. Vumbi, mikwaju, ng'ombe wenye pembe na mifupa tu kwa ule ukame, mbuzi weupe wenye vichwa vyeusi ambao nilishikilia kuwa ni mbuzi mpaka nikaelezwa kwamba ni kondoo. Niliambiwa nimtazame dalali mmoja mnene. Alimshika mnunuzi mkono kama wanaoamkiana, akavuta shali yake ya begani akaifunika mikono yote miwili, kisha wakasimama wanatazamana machoni hawasemi kitu. Chini ya nguo vidole vinafinyana. Kidole hiki ni elfu, hiki ni mia tano, kiganja kizima ni kingine. Mwenye ng'ombe wa jirani amesimama hatua mbili na haambulii kitu. Mara mnunuzi akaung'oa mkono wake akiwa kama aliyetukanwa, akaenda pembeni, akapiga simu Nairobi kuuliza machinjioni bei ya leo, akarudi, mkono ukaingia tena chini ya shali.

Walipopatana, mnunuzi akatoa simu. Akainama, akaikunjia kiganja cha kushoto, akabonyeza namba yake ya siri ndani ya kile kivuli. Nilicheka peke yangu. Mkono chini ya shali, kidole chini ya kiganja, na mimi jirani nimesimama hatua mbili siambulii kitu. M-Pesa wakati ule ilikuwa na kikomo cha shilingi 150,000 kwa mara moja, kwa hiyo lori la ng'ombe lilikuwa likilipwa vipande vipande, na kila kipande kikiingia dalali alikisoma kwa sauti mbele ya mashahidi. Teknolojia ni ya juzi. Mashahidi wamebaki pale pale.

Hapo sokoni mtu mmoja wa Wajir alinionyesha ujumbe wa bima. Sikuelewa mpaka aliporudia. Setilaiti inatazama majani ya malisho kutoka juu. Majani yakipungua chini ya kiwango, mwenye bima analipwa, haina haja ya kuhesabu mzoga. Mpango huo ulianzishwa na watafiti wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, huko Marsabit Januari 2010, ukafika Wajir 2013 chini ya kampuni ya bima ya Takaful, ili usigongane na sheria ya Kiislamu. Nilimuuliza kama kiasi alicholipwa kilitosha. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kama maji ya bahari yanakunywika. "Kilinunua nyasi za mwezi mmoja," akasema. "Mwezi mmoja si haba."

Siku ya nne tulipanda gari la Probox na mpwa wa Adeer, tukashika barabara ya Modogashe. Nilitaka kuona mchungaji na simu yake porini, kwa sababu mjini kila mtu anaweza kuwa mjanja. Swala wenye shingo ndefu walisimama kwa miguu ya nyuma wakila matawi. Njiani tukakuta wanawake watatu chini ya mgunga, na madumu ya manjano yamepangwa kivulini, maziwa ya ngamia yanayongoja basi. Kila dumu lina kitambaa cha rangi yake na namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Linashuka Garissa au linapitiliza hadi Eastleigh. Anayelipokea ananusa, anaonja, anapiga simu, analipa, na dumu tupu linarudi kesho. Niliziangalia zile namba nikaona katoni zangu. Mmoja wa wale wanawake alikuwa na punda, na juu ya punda, kati ya vibuyu viwili, kimefungwa kioo cha sola cha ukubwa wa sinia ya biriani. Simu nne zinachajiwa huku punda anatafuna. Nikaomba kupiga picha. Akakubali, akanitoza shilingi hamsini, akanipa namba ya kuzituma.

Mbele zaidi tukafika kijiji ambacho sitakitaja. Kilikuwa na mnara. Ulishambuliwa na al-Shabaab, kama walivyoshambulia mingine mingi Garissa, Wajir na Mandera katika miaka hiyo, na sasa pamebaki uzio, chuma kilichopinda, na kibanda cha mitambo chenye kuta nyeusi za moshi. Mbuzi wamelala kivulini mwake. Nilikagua betri zilizoungua, kwa mazoea ya kazi tu, na nikajua hakuna fundi wa kufufua hapo.

Kilomita moja kutoka kijijini kuna kichuguu kirefu kuliko mtu. Ukikipanda, ukageukia kusini, ukainua mkono, unapata kijiti kimoja cha netiweki. Nilimkuta kijana juu yake, na chini wamepanga foleni watu saba, wanawake na wanaume, kila mmoja na simu yake mkononi. Sikujua nicheke au nilie, maana ilikuwa ile ile foleni ya kibanda ya utoto wangu. Aliye juu hapigi domo. Anasema mambo yake haraka: mbuzi wamefika, mtoto ana homa, tuma unga. Anashuka. Wanaotaka kulipwa hutuma mtoto akashike simu juu hadi ujumbe wa pesa uingie, kisha ashuke nao mbio kama anayebeba yai.

Mama mmoja mkunga aliniambia mnara ulipokuwa mzima aliweza kuita gari la wagonjwa akiwa amekaa na mzazi, mkono mmoja kwenye simu. Sasa akiona uchungu unakwenda vibaya lazima amtume mtu kwa pikipiki mpaka kichuguuni, usiku, na kurudi kumwambia gari lipo au halipo. Hakuniambia kama amewahi kuchelewa, nami sikuthubutu kumuuliza.

Katika uchaguzi wa Agosti ule, kati ya vituo 46,229 vya kupigia kura nchini, tume ilitaja vituo 1,111 visivyofikiwa na netiweki ya kutosha, vikahitaji setilaiti kupeleka matokeo. Miaka mitano nyuma vilikuwa 11,155. Ni hatua kubwa na anayestahili sifa apewe. Lakini siku ya kura mitambo ya setilaiti iliweza kuja ikapeleka hesabu Nairobi, na baada ya siku hiyo ikaondoka. Mama mkunga alibaki na pikipiki. Kuna Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaochangiwa na kampuni za simu chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, kwa ajili ya minara ya sehemu kama hizi ambako biashara hailipi. Fedha za mfuko huo ziangalie pia minara iliyoangushwa, na ulinzi wake, maana mnara uliozimwa ni sawa na kisima kilichofukiwa. Watu wa nchi kavu kama hii wanajua kisima kilichofukiwa kinavyoua bila kelele.

Kwetu Mombasa kebo ya intaneti ya chini ya bahari, TEAMS, ilitua kutoka Fujairah, Uarabuni, mwaka 2009, Rais Kibaki akaja kuizindua, na mimi nilikuwemo katika waliotoka kazini kwenda kushangaa. Nilidhani bahari ndiyo iliyokuwa ngumu kuvuka. Waya wa nyuzi za kioo wa serikali umefika Garissa mjini, vijana wa chuo wanaangalia video bila kukwama, na Suq Mugdi kuna bando za kila bei. Ugumu umebaki kwenye hizi kilomita za mwisho, kutoka lami hadi kichuguuni.

Siku ya kuondoka Adeer alinipa mkebe wa nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vidogo kama njegere, ikakaangwa hadi kukauka na kuzamishwa ndani ya samli. Alisema inakaa miezi. Kwa mama ilikaa siku mbili. Nauli alinilipia kabla sijafika ofisi ya basi, na niliposhika pochi kumrudishia akasema nitamlipa kwa sindano.

Juzi nilimpigia kabla ya kuandika haya. Tundu za chaji haziji tena Mombasa, mpwa wake anazimaliza huko huko, na katoni imekuwa ndogo. Nilimuuliza habari za kile kijiji. Mnara haujasimamishwa. Kile kichuguu kimemomonyoka upande mmoja kwa kukanyagwa, wamehamia kingine.